Nani Kaiba "Huenda"?

Kuna neno limeibwa katika lugha yetu, na wezi wake hawajifichi. Wana vipaza sauti, wana mabango, wana namba za malipo. Neno waliloiba ni "huenda".

Fuatilia wizi ulivyofanyika. Mtafiti katika maabara anaandika kwamba kurkumini, kiini kinachoyapa manjano rangi yake, huenda ikadhoofisha virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba utafiti zaidi unahitajika. Hiyo ni sentensi ya mtu mwenye adabu. Ikifika kwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi inakuwa "manjano hudhoofisha virusi vya saratani". Ikitua kwenye kundi la WhatsApp la kikoba inakuwa "manjano yanaua virusi". Ikimfikia muuza makopo imeshahama wakati kabisa: yameua, yamemaliza, yamewaponya wengi, mzigo umebaki kidogo, mikoani tunatuma. Kutoka "huenda ikadhoofisha" mpaka "yamemaliza" hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepimwa. Vilivyobadilika ni vitenzi tu.

Namjua mama mmoja, mkaanga vitumbua. Alipimwa siku ya kampeni ya afya, akaambiwa ana mabadiliko ya awali kwenye mlango wa kizazi, akapewa barua ya rufaa. Njiani akakutana na kopo: manjano, tangawizi, mlonge na chai ya kijani, vimesagwa pamoja, vijiko viwili asubuhi na jioni, makopo matatu ndiyo dozi. Akamaliza dozi. Akaambiwa sumu ndiyo kwanza inatoka, aongeze matatu mengine. Barua ya rufaa aliikunja akaitunza ndani ya kopo tupu, na humo ikakaa zaidi ya mwaka. Siku alipoitoa, damu ilikuwa haikatiki. Kazi ambayo ingemalizwa na nesi kwa dakika chache ikawa wiki za mionzi, na jiko la vitumbua likazimwa.

Sitamsema mama yule. Alidanganywa na watu waliovaa makoti meupe. Nitawasema wao.

Tuanze na kilicho kweli, kwa sababu uongo huu umejengwa juu ya kweli ndogo. Ni kweli kwamba saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi. Mjerumani Harald zur Hausen alionyesha hivyo mwaka 1983, alipoikuta aina ya 16 ya virusi vya papiloma, yaani HPV, ndani ya uvimbe wa wagonjwa. Mwaka uliofuata ikaja aina ya 18, na mwaka 2008 akapewa Nobeli. Aina hizo mbili peke yake zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani. Virusi hivi hutengeneza protini mbili ndani ya seli: E6 inamwangamiza mlinzi wa seli, E7 inakata breki za kuzaliana kwake. Na ni kweli pia kwamba ukimwaga kurkumini juu ya seli hizo katika chombo cha maabara, E6 na E7 hupungua na seli huanza kufa. Chai ya kijani nayo imeonyesha jambo kama hilo. Brokoli na kabichi nazo zina viini vinavyochunguzwa.

Sasa jiulize seli hizo ni za nani. Nyingi ni zile ziitwazo HeLa, zilizochukuliwa Baltimore mwaka 1951 kutoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyekufa kwa saratani hii hii, iliyoletwa na aina ya 18. Yeye alizikwa, seli zake zinaishi maabara hadi leo, zikielea kwenye kimiminika cha chakula, bila tumbo, bila ini, bila damu ya kuzungukia. Mwagia seli hizo chumvi nyingi, zitakufa. Mwagia sabuni ya kufulia, zitakufa. Mwagia konyagi, zitakufa pia. Mbona hatujasikia tiba ya konyagi? Kuua seli kwenye kisahani ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuziua ndani ya mwanamke na kumwacha yeye mzima.

Na kati ya kijiko na mlango wa kizazi kuna safari. Manjano yana kurkumini kama asilimia 3 hivi. Kidogo hicho utumbo hukipokea kwa shingo upande, na ini hukivunja haraka. Wagonjwa wa saratani ya kongosho huko Texas waliwahi kupewa gramu 8 za kurkumini kila siku, na damuni mwao zikaonekana nanogramu tu, chini mno ya kiasi kinachotumika kuua seli kwenye kisahani. Ukitaka kuzipata gramu hizo 8 kwa kulamba manjano ya sokoni, itakubidi umeze zaidi ya robo kilo kila siku ya Mungu. Vijiko viwili vya kwenye kopo, tena vilivyochanganywa na mlonge, vinakwenda wapi? Vinakwenda chooni, na pesa ya vitumbua inakwenda navyo.

Utaniambia: lakini hao watafiti wako wamewajaribu wanawake wenyewe? Wamewajaribu. Huko Marekani wanawake 98 waliokuwa na HPV hatari isiyoondoka, pamoja na mabadiliko mepesi ya mlango wa kizazi, waligawanywa. Wengine walipewa vidonge vya kiini cha chai ya kijani, wengine vidonge bandia, miezi minne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: hakukuwa na tofauti. Chai ilikwenda sare na kidonge kitupu. Habari hiyo umeisikia kwenye kipindi gani cha asubuhi? Hakuna, kwa maana haiuzi kopo.

Ushindi mmoja wa chai ya kijani ninaujua, na nitautaja kwa haki. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha dawa iliyotengenezwa kwa kiini chake dhidi ya virusi vya papiloma. Ni mafuta ya kupaka, hayanywewi, na yanatibu chunjua za nje za sehemu za siri, ambazo kwa kawaida huletwa na aina ya 6 na ya 11, aina zisizoleta saratani hii. Miaka mingi ya utafiti ikazaa mafuta ya chunjua. Ndivyo sayansi ya kweli inavyotembea: polepole, kwa hatua ndogo, bila matarumbeta.

Na kabla hujasema "basi hata kisiposaidia hakidhuru, ni chakula tu", twende Finland. Beta-karotini ndiyo inayoipa karoti na embe bivu rangi. Waliokula vyakula vyenye beta-karotini nyingi walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache, kwa hiyo wataalamu wakasema tuwape wavuta sigara vidonge vyake. Wanaume 29,133 waliingia kwenye jaribio. Mwaka 1994 majibu yakatoka: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Zaidi! Embe ni tunda. Kiini chake kikikamuliwa, kikakolezwa na kumezwa kila siku kwa miaka, ni jambo jingine. Hata viini vya chai ya kijani vilivyokolezwa vimewahi kuumiza maini ya watu. "Asilia" haina maana ya "salama". Hata sumu ya fira ni ya asili.

Sasa nikufunulie siri ya biashara hii, maana inategemea jambo moja ambalo muuzaji hakuambii. Maambukizi ya HPV, karibu tisa katika kila kumi, huondoka yenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Kinga ya mwili huyafukuza kimyakimya, mwenyewe ukiwa sokoni, ukiwa harusini, ukiwa umelala. Piga hesabu. Nikiwauzia wanawake mia wenye HPV maji ya bomba yaliyotiwa rangi, baada ya miaka miwili kama tisini watapima na kukuta virusi havipo. Tisini! Kila mmoja atanirekodia ushuhuda kwa machozi, na wote watakuwa wanasema ukweli: walikunywa, na virusi vimeondoka. Jogoo naye huwika, kisha jua likachomoza.

Na wale kumi? Hao ndio niliostahili kuwatibu. Hao ndio ambao virusi vimeng'ang'ania, na baadhi yao ndio watakaopata saratani wasipotibiwa. Lakini hao hawarudi kutoa ushuhuda. Watasema labda hawakufuata masharti, labda walikula nyama nyekundu, labda imani yao ilikuwa haba. Kisha watanyamaza. Maiti hatumi sauti kwenye WhatsApp.

Ukatili mkubwa uko kwenye muda. Kutoka maambukizi yanayong'ang'ania hadi saratani hupita miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na wanaoishi na VVU wana hatari ya saratani hii mara sita ya wengine. Miaka hiyo yote ni mlango ulio wazi. Ugonjwa gani mwingine mbaya hukupa adabu ya kukusubiri hivyo? Anachouza mwenye kopo ni muda wako mwenyewe. Anakuuzia miezi sita, halafu mingine sita, mpaka mlango unajifunga.

Mtu asije akasema naidharau mimea. Ninaiheshimu kuliko wanaoisaga na kuitia kwenye makopo. Mwaka 1958, daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1964, ndani ya seli za uvimbe kama huo kutoka Uganda, Anthony Epstein na wenzake wakaona virusi ambavyo leo vina jina la Epstein na Barr. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza vya binadamu kuhusishwa na saratani, na vilitoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Na moja ya dawa zinazowaponya watoto hao ni vinkristini, iliyotoka kwenye lile ua dogo la rangi ya waridi la Madagaska, ambalo leo linapandwa nyuani hata kwetu. Basi mmea umeshinda saratani iliyoletwa na virusi! Lakini haukushinda ukiwa umechemshwa kwenye sufuria. Kiini chake kilitafutwa, kikasafishwa, kikapimwa kwa miligramu na kupitishwa kwenye mshipa, kwa sababu dawa hiyo hiyo ikichomwa kimakosa kwenye uti wa mgongo huua. Anayeheshimu mmea huupima kwanza.

Na kama kweli tunataka kuzungumza juu ya chakula na virusi vya saratani, mbona hamzungumzii sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka? Homa ya ini aina ya B ni virusi, na huleta saratani ya ini. Mtu mwenye virusi hivyo akila mahindi na karanga zenye sumukuvu, hatari yake haijumlishwi, inazidishwa. Hicho ndicho chakula chenye uhusiano na virusi vya saratani usio na "huenda" ndani yake. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na jirani zake, Kenya, sumukuvu iliua watu 125. Mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara. Kinga yake inajulikana: kausha mahindi juu ya turubai badala ya udongo, chambua punje zilizooza, hifadhi pakavu, na mtoto apate chanjo ya homa ya ini. Hakuna anayelipia saa nzima ya redio kulisema hilo. Turubai haina kamisheni.

Nageuka sasa kwa wanaopaswa kusutwa, mmoja mmoja.

Wewe muuza kopo: kwenye lebo umeandika "lishe", mdomoni unasema "dawa". Unajua kwa nini. Chakula kinapita dirisha moja, dawa inapita jingine lenye maswali mengi, na wewe maswali huyataki. Huna woga wa kumwambia mwanamke anayetoka damu asubiri. Kopo lako likifanya kazi, lipeleke likapimwe. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina watu wa tiba asili. Usipotaka kulipeleka, tumeshakuelewa.

Wewe mhariri na mwenye redio: unapouza saa nzima kwa "tabibu" na kumpa mtangazaji wako amwitikie "ndiyo daktari", umekodisha sauti ambayo wasikilizaji wanaiamini. Matatizo yakitokea unasema kipindi kilikuwa cha kulipiwa. Na mazishi, yatalipiwa na nani?

Ninyi mnaosimamia vyakula na dawa, na ninyi wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala: acheni kusoma lebo peke yake. Sikilizeni redio. Ingieni kwenye makundi ya simu. Bidhaa ihukumiwe kwa ahadi inayotolewa mteja anapolipa. Foleni ya Samunge, Loliondo, mwaka 2011 mliiona kwa macho yenu. Kikombe cha dawa kiliuzwa shilingi 500 tu, na nchi nzima ikasimama njia panda. Kikombe cha leo hakihitaji foleni, kinakuja kwa bodaboda, na bei yake siyo 500.

Na sisi wa hospitali na vituo vya afya, tusijifiche nyuma ya sayansi. Muuza kopo anamwita mteja "mama yangu". Anampigia simu usiku kumuuliza kama amelala vizuri. Kituoni kwetu mama yule yule anaambiwa "panda kitandani, tanua, usinipotezee muda", pazia halifungi, wanafunzi wanachungulia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema; lakini tumeuliza nani kamfundisha kuficha? Kila nesi anayefoka ni wakala wa kopo asiyelipwa.

Nimesema mengi juu ya visivyofanya kazi. Sasa nitaje kitu kimoja cha jikoni kinachofanya kazi dhidi ya saratani hii, na ninakitaja kwa furaha yote: siki.

Ndiyo, siki, ile ile ya kachumbari. Hainywewi. Nesi huchovya pamba kwenye siki nyepesi, hupaka mlango wa kizazi, kisha husubiri dakika moja hivi. Sehemu iliyoanza kuharibiwa na virusi hugeuka nyeupe, ikaonekana kwa macho. Kidonda cha awali hugandishwa kwa baridi kali au huunguzwa kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na mama hurudi nyumbani kwa miguu yake. Mumbai, India, walijaribu kipimo hiki kwa miaka 12 kwa wanawake wapatao 150,000, wakitumia wanawake wa kawaida waliofunzwa kwa wiki chache. Vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31. Siki! Shilingi chache, pamba, tochi, na mtu aliyefunzwa. Hapa kwetu kipimo hiki kipo kwenye vituo vingi, na kinawalenga zaidi wanawake wa miaka 30 hadi 50. Kwa wanaoishi na VVU, umri si kigezo cha kusubiri.

Na kwa mabinti ipo sindano ya chanjo ya HPV. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Dozi moja haikubuniwa Geneva kwa kukisia. Ilipimwa Kenya, kwa wasichana 2,275 wa Kisumu, Nairobi na Thika, na baada ya miezi 18 ilikuwa imezuia maambukizi mapya yanayong'ang'ania ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Uskoti, ambako walianza mwaka 2008, walitangaza mwaka 2024 kwamba kati ya wasichana waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13 hawajampata hata mmoja mwenye saratani hii.

Lakini sindano hii tunaihoji kama mtuhumiwa. Itawafanya tasa? Ina nini ndani? Nani anafaidika? Maswali mazuri kabisa, na yamejibiwa. Nashangaa tu kwamba mzazi anayedai miaka ishirini ya ushahidi wa chanjo hunywa kopo lisilo na hata jina la mtengenezaji, akishaambiwa ni la asili. Shaka yote kaimalizia kwa nesi, kwa muuza kopo haijabaki hata chembe.

Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake takriban 10,000 waligundulika na saratani hii Tanzania kwa mwaka, na zaidi ya 6,000 walikufa. Hakuna saratani inayowapata wanawake wengi wa nchi hii kuliko hii. Nao ni mama zetu walio katikati ya maisha, wenye watoto shuleni na biashara barazani.

Kwa hiyo ninadai jambo dogo. Kila kopo, kila bango na kila kipindi kirudishe neno kililoiba. Andikeni: "Huenda ikasaidia, haijathibitishwa kwa binadamu, usiache barua yako ya rufaa." Wino wake hauwezi kuwatia hasara, isipokuwa kama biashara nzima ilisimama juu ya kutokuwepo kwa neno hilo.

Nawe msomaji, kama una barua iliyokunjwa mahali, ndani ya kopo, chini ya godoro, kwenye pindo la khanga, itoe leo. Mwulize nesi siku ya siki ni ipi, na binti mkubwa mwende naye. Manjano yarudi kwenye mchuzi wa samaki, mahali ambapo hayajawahi kumdanganya mtu.